Kuhamia Paje na familia au kubaki kwenda likizo tu? Wanaoijua Unguja mashariki, tuchambue

#1 Kipupwe77

Wakuu, heshima kwenu. Familia ni ya watu wanne, makazi Dar, na kila mwaka mapumziko yao ni Paje. Hoja iliyo mezani sasa ni kuhamia kabisa. Mtoto mkubwa yuko darasa la sita, mdogo la pili. Baba anafanya uhasibu kwa mtandao, mama ana uzoefu wa mapokezi hotelini. Akiba ya kodi ya mwaka ipo.

"Zanzibar ni njema, atakaye aje" tumeshaisikia. Naomba vitu vinavyopimika: maji, shule, hati, hospitali, kipato, mizigo. Kama jibu ni hapana, semeni hapana na sababu yake.

#2 Bi Mkubwa wa Jambiani

Karibu mwanangu. Anza kwa kuwatenganisha mgeni na mkaazi. Wageni wengi wanaijua pwani hii ya Julai na Agosti, au ya Krismasi. Mkaazi anaishi nayo mwaka mzima, na ndani ya huo mwaka kuna masika: kuanzia Machi mwishoni mpaka Mei. Hoteli kadhaa hufunga, njia za ndani zisizo lami hugeuka madimbwi, nguo hazikauki, na viatu vya ngozi ukivisahau kabatini utavikuta vimeota ukungu.

Basi kama mnataka kupima, msije Agosti. Njooni Aprili, mkae wiki tatu mfululizo, kwenye nyumba ya kupanga ya mtaani na si hotelini. Mpike wenyewe, mfue wenyewe, na siku ya kazi mmoja wenu apande daladala ya 324 kwenda mjini kufuata shughuli halafu arudi. Ni kama kilomita 50. Kwa gari binafsi ni saa moja hivi, lakini daladala inasimama kila penye mtu na kila penye gunia, kwa hiyo hesabu nusu siku.

Jambo jengine ni bahari yenyewe. Upande huu maji yakipwa yanakwenda mbali mpaka kwenye mwamba, unabaki mchanga na mashamba ya mwani. Siku za bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo watoto wakitoka skuli wanaikuta bahari imejaa. Wiki ya maji mafu (mwezi ukiwa nusu) saa zinageuka. Nungwi na Kendwa, kule kaskazini, maji hayaendi mbali namna hii. Watu hulaumu Paje kwa jambo ambalo kalenda ya mwezi ingewaambia.

Na samaki: kusi likivuma kwa nguvu, Juni mpaka Agosti, vyombo vidogo vingi haviendi nje. Ndiyo miezi hiyo hiyo hoteli zimejaa na zinanunua kwa bei yoyote. Mgeni anakula pweza kila siku. Mkaazi anatafuta dagaa.

#3 FundiPampu

Maji ndiyo yanayoamua, na ndiyo watu hawaulizi kabla ya kulipa kodi.

Kusini-mashariki mwa Unguja ardhi ni mawe ya matumbawe yenye mianya. Maji matamu ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi kama utando. Kanuni ya makadirio ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji matamu chini yake. Igeuze hesabu hiyo: pampu ikishusha kiwango cha kisima kwa sentimita 10, chumvi kule chini inaweza kupanda kama mita 4. Ndiyo maana kisima kilicho kitamu asubuhi kinakuwa na ladha ya chumvi baada ya jirani mwenye bwawa la kuogelea kuwasha pampu yake.

Hatua za kupima kabla ya kusaini mkataba:

Nunua kipimo cha chumvi cha mkononi, kile chenye umbo la kalamu. Kinasoma miligramu kwa lita. Chini ya 600 ladha ni nzuri. Ikipita 1,000 hayafai kunywewa kwa raha, na chai utaijua tu. Usipime maji ya kwanza yanayotoka kwenye tangi, kwa sababu yanaweza kuwa yameletwa na boza wiki iliyopita. Fungua bomba la kisima chenyewe, pampu iende saa nzima, ndipo upime. Rudia siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa. Wakati mbaya kuliko wote ni Februari na Machi mwanzoni kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo kipimo cha Juni kinakudanganya.

Kisha tafuta shimo la choo liko wapi. Mita 30 kutoka kisimani ndicho kiwango cha chini kinachotajwa kwa kawaida, lakini kwenye mwamba wenye mianya uchafu hausafiri polepole kama kwenye udongo, kwa hiyo hata mita 30 usizilalie. Maji ya kisima yaoshe vyombo na kuogea. Ya kunywa yachemshwe au yanunuliwe kwa dumu la lita 20. Watu wanne kunywa na kupika ni kama lita 15 hadi 20 kwa siku, maana yake dumu moja kila siku. Iingize kwenye bajeti kama unavyoingiza luku ya umeme.

Mwulize mwenye nyumba kama kuna laini ya ZAWA (Mamlaka ya Maji Zanzibar), na yanatoka siku ngapi kwa wiki. Usikubali "yanatoka". Fungua bomba la chini kabisa uwanjani, lile kabla ya tangi. Kisha mwulize jirani, si dalali. Tangi la lita 2,000 linamtosha mtu wa likizo. Familia inayofua inataka lita 5,000.

#4 Mchana Mwema

Mkuu, na ule mtambo wa kuchuja chumvi wa chini ya sinki si unamaliza kazi?

#5 FundiPampu

Unamaliza kwa maji ya jikoni tu. Mitambo midogo ya namna hiyo mara nyingi inamwaga lita tatu au zaidi ili ikupe lita moja, na maji yakiwa na chumvi nyingi utando wake unachoka mapema. Vilevile inataka presha. Tangi lililo juu ya paa la nyumba ya chini halitoi presha hiyo, lazima uongeze pampu ndogo. Kuoga na kufua utaendelea na maji yale yale, na huko ndiko hasara iliko: koki zinaota kutu ya kijani, hita ya maji inatoboka, mashine ya kufulia inashika magadi.

Hewa nayo ina chumvi. Nyumba iliyo ufukweni kabisa, mashine ya nje ya kiyoyozi na mabati ya kawaida huliwa haraka. Nyumba iliyorudi nyuma nusu kilomita ina nafuu kubwa na kodi yake huwa chini. Kwa anayeishi, mandhari ya bahari dirishani ni gharama ya kila mwezi.

#6 Mwalimu wa Zamu

Kuhusu watoto: mdogo hana tatizo, mkubwa ndiye mwenye mtego.

Zanzibar msingi ni miaka 6, kisha kidato cha kwanza. Bara ilikuwa miaka 7 na sasa iko kwenye mpito: walioanza na mtaala mpya wakiwa darasa la tatu 2024 watamaliza la sita 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho. Mitihani ya ndani ya Zanzibar (darasa la nne, la sita, kidato cha pili) inatungwa na Baraza la Mitihani la Zanzibar. Kidato cha nne na cha sita wote wanakutana NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania).

Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita mwenye mtaala wa miaka 7, ukimhamisha katikati ya mwaka, anaweza kutua kwenye darasa la mtihani ambalo hakujiandaa nalo. Ukimhamisha akiwa la saba, darasa lake huko halipo kabisa na utaanza kubishana ni wa kidato kipi. Njia safi ni moja kati ya hizi: amalize msingi Bara, aje kuanza kidato cha kwanza Januari, au aende shule binafsi ya mtaala wa kimataifa ambayo haijali mpaka huu, kama mfuko unaruhusu. Kidato cha tatu na cha nne msiguse. Mtahiniwa akishasajiliwa, kumbadilishia kituo cha mtihani ni shughuli nzito.

Karatasi za uhamisho: barua ya shule anayotoka, ripoti za mihula miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, namba ya mwanafunzi. Chukueni nakala zilizogongwa muhuri kabla hamjaondoka, maana kurudi Dar kwa muhuri mmoja ni nauli ya boti.

Skuli za serikali za Unguja zinafundisha Kiarabu na dini ya Kiislamu kama masomo. Wasio Waislamu wazungumze na mwalimu mkuu mapema juu ya vipindi hivyo, tena kwa adabu. Mara nyingi linaongeleka. Mchana watoto wengi wa kijiji wako madrasa, kwa hiyo mtoto asiyekwenda atabaki bila wenzake wa kucheza mpaka alasiri. Wazazi wa Bara hawalifikirii hili, nalo ndilo linalomfanya mtoto aseme anataka kurudi.

#7 Hati na Muhuri

Nije kwenye sheria, maana hapa watu wanapoteza fedha.

Ardhi ya Zanzibar ina sheria yake, Sheria ya Umilikaji wa Ardhi ya 1992. Haki ya matumizi ya ardhi hupewa Mzanzibari aliyetimiza miaka 18. Kuwa raia wa Tanzania hakukufanyi Mzanzibari. Kuna Sheria ya Mzanzibari ya 1985 inayosema ni nani. Mbara ana uhuru wa kuishi na kupanga, lakini kiwanja cha Paje hakitaandikwa jina lake kama kiwanja cha Kigamboni.

Ukifika, hatua ya kwanza ni kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa) wa shehia yako. Nenda na barua ya serikali ya mtaa unakotoka, kitambulisho cha NIDA, mkataba wa nyumba na picha. Bila sheha kukutambua, barua nyingine zote zinakwama. Baada ya hapo ndipo kuna usajili wa mkaazi asiye Mzanzibari, unaofanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii.

Mkataba wa nyumba: Paje wenye nyumba wanajua bei ya usiku mmoja ya mtalii. Mkataba usio na masharti utakutoa Julai. Ndani yake kiandikwe muda kamili wa miezi 12 pamoja na Juni–Oktoba na Desemba–Februari, kodi isiyopanda katikati, na kwamba nyumba haitatangazwa kwa wageni wa muda mfupi. Sheha ashuhudie. Mita ya umeme ya TUKUZA (luku ya Zanzibar) iandikwe namba yake na deni lililopo siku ya kukabidhiwa.

#8 Simba wa Nyasi

Hapo kwenye ardhi unatisha watu. Mbona wabara wenye viwanja Paje tunawaona?

#9 Hati na Muhuri

Ndugu, unaona nyumba, huoni hati. Wapo waliopanga kwa miaka mingi, wapo wenye ubia wa uwekezaji uliopitia ZIPA (mamlaka ya uwekezaji Zanzibar), wapo waliooa. Na wapo wengi waliolipa fedha zao halafu karatasi ikaandikwa jina la shemeji au "rafiki mwaminifu". Huyo wa mwisho, kwa sheria, hana kitu. Rafiki akifariki, warithi wanarithi kiwanja. Mkataba wa pembeni hautakusaidia, kwa sababu mahakama haitalazimisha jambo ambalo sheria yenyewe imelikataza.

Anayetaka kumiliki, njia iliyo wazi ni fleti zilizo chini ya Sheria ya Kondominiamu ya 2010, kama zile za Fumba. Au abaki Bagamoyo au Tanga: bahari ni ile ile na sheria ya ardhi ni ile anayoijua.

#10 Kusi na Kaskazi

Kipato. Kazi ya hoteli upande wa mashariki ina misimu miwili ya fedha: Juni mpaka Oktoba, na Desemba mpaka Februari. Aprili na Mei kuna waajiri wanaowapa wafanyakazi likizo bila malipo. Kwa hiyo mshahara wa mapokezi uzidishe kwa 9 au 10, usizidishe kwa 12, kisha ugawe kwa 12 ndipo uulinganishe na wa Dar. Mwulize mwajiri swali moja kabla ya kusaini: Mei nalipwa nini? Akijibu kwa mzunguko, umeshajibiwa. Michango ya hifadhi ya jamii huku inakwenda ZSSF (mfuko wa Zanzibar) na si NSSF ya Bara, kwa hiyo kabla ya kuacha kazi ya Bara mama apate taarifa yake ya michango kwa maandishi.

Uhasibu wa mtandaoni ndio mguu imara wa familia hii, usiuache utegemee bahati ya umeme. Umeme wa Unguja unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, Ras Kiromoni mpaka Fumba. Ule mkubwa wa megawati 100 ulianza 2013. Hitilafu ikitokea huko, kisiwa kizima kinakaa giza. Vijijini ongeza na mti ulioangukia nyaya. Betri moja ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Kwa afya yake tumia nusu tu, ondoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama 500. Ruta na kompyuta mpakato vinakula kama wati 60. Hiyo ni saa nane, inatosha siku ya kazi. Friji usiiunganishe hapo. Iwekee kilinda-friji ukutani, maana umeme ukirudi hurudi kwa kishindo.

Wawe na laini za kampuni mbili tofauti, na wazipime saa mbili usiku wa Agosti, si saa nne asubuhi ya Mei. Mnara ni ule ule, lakini Agosti wageni wote wako kwenye simu.

#11 MamaMapacha

Hospitali. Kitogani, pale njia panda ya Paje na Makunduchi, kuna hospitali ya wilaya. Hiyo ndiyo ya karibu kwa homa, kushona jeraha na uzazi wa kawaida. Kikizidi hapo ni Mnazi Mmoja mjini, na kikizidi hapo ni Muhimbili ya Dar, yaani boti au ndege. Kwa hiyo jiulizeni swali gumu: kuna mtu mwenye pumu kali, seli mundu au moyo? Kama yupo, msikae mashariki. Kaeni mjini.

Bima: msidhani kadi ya Bara inasoma kila mahali. Zanzibar kuna mfuko wake, ZHSF. Iombeni bima yenu orodha ya vituo vya Unguja kwa maandishi, kisha mpigie kituo chenyewe mwulize kama wanaipokea leo. Usiku saa nane dereva wa teksi wa kijijini ndiye gari la wagonjwa, kwa hiyo namba za madereva wawili zikae ukutani.

Na dada yangu mtarajiwa, Ramadhani mchana hakuna kula hadharani, na migahawa mingi ya kawaida imefungwa. Nyumbani kwako kula, lakini mtoto asitoke na andazi mkononi. Nguo za ufukweni ziishie ufukweni. Hakuna atakayekufokea, watakunyamazia tu, na kijijini ukishanyamaziwa huna jirani.

#12 Kipupwe77

Shukrani wakuu. Kwa hiyo hesabu inakuja hivi: mkubwa amalize msingi Dar kwanza, na katikati ya hapo wafanye jaribio la Aprili. Swali: je, wakikaa upande wa mjini, Fumba au Kiembesamaki, na Paje ikabaki ya wikiendi? Na mizigo inakwendaje?

#13 Bi Mkubwa wa Jambiani

Hapo umesema. Kwa familia yenye mtoto wa sekondari hilo ndilo ningelipitisha. Skuli zipo za kuchagua, hospitali dakika chache, boti karibu, na Paje bado ni saa moja. Hasara yake ni foleni na joto la mjini. Ila usiipange nyumba ya Fumba bila kupima maji nako. FundiPampu ameshakwambia namna.

Nina shaka na jambo moja tu. Ukishaishi kisiwani, Paje haitakuwa likizo tena. Watoto watataka kwenda Dar.

#14 Nahodha Mstaafu

Mizigo: msihamishe Julai. Kusi likiwa kali na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, vyombo husimama na mzigo unalala bandarini. Novemba mpaka Februari bahari ni tulivu zaidi, ingawa kaskazi nalo lina siku zake. Bila kusahau kwamba Desemba boti za abiria hujaa, kateni tiketi mapema.

Andikeni orodha ya vitu nakala nne: jina la kitu, aina, namba ya mashine kwa vyenye umeme, thamani ya sasa. Ambatisheni barua ya uhamisho au ya serikali ya mtaa, na risiti za TV, friji na jiko. Vitu vitoke kwenye maboksi ya dukani. Friji iliyo ndani ya boksi jipya inaonekana ni biashara na mtaulizwa ushuru. Orodha igongwe muhuri mnapoondoka Dar na nakala moja itunzwe vizuri sana, kwa sababu siku mkirudi na TV ile ile, ni karatasi hiyo itakayothibitisha kwamba haikununuliwa Unguja.

Gari lenye namba za T linaingia kwa kibali cha muda, si la kukaa nalo hivi hivi. Ulizeni ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) kabla ya kulipakia, au liuzeni Dar mnunue lenye Z; lakini hilo la Z kulileta Bara baadaye lina ushuru wake. Magodoro msibebe. Nunueni huko, yanachukua nafasi kuliko thamani yake, na yakilowa melini hayakauki.

#15 FundiPampu

Nyongeza kwa Nahodha: pampu na koki njooni nazo kutoka Dar, zile za plastiki ngumu au za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida msinunue hata zikiwa nusu bei.